Waya wa Gitaa la Chiriku

Mlimwacha Theopista amesimama nyuma ya meza ya duka, rozari mkononi, macho yameganda kwenye furushi la kanga ambalo mama asiyemjua alikuwa ameliweka mbele yake. Maneno ya mama yule yalikuwa bado yananing'inia hewani: hiki ndicho kilichomuua mwanangu.

Haya. Furushi likafunguliwa.

Ndani mlikuwa na gitaa la umeme, jekundu, lililopakwa rangi ya milango. Kichwani pake palikuwa na alama ya ndege mdogo iliyochomwa kwa chuma cha moto. Chiriku. Theopista hakuwa na haja ya kuuliza limetoka wapi. Lilitoka mumo humo, katika chumba cha nyuma cha duka lao hapa Kariakoo.

"Aliyelitengeneza yuko wapi?" mama akauliza.

"Amefariki. Tumemzika kijijini kwao Kilema. Leo wiki ya tatu."

Mama aliitazama nguo nyeusi ya Theopista kuanzia shingoni mpaka chini, kisha akavuta kigoda akaketi bila kukaribishwa. "Basi tuko sawasawa," akasema.

Jina lake Bi Sabaha, wa Msimbazi. Mwanawe aliitwa Seifu, mwenye miaka ishirini na mmoja. Alhamisi jioni alikuwa mazoezini na wenzake. Alishika gitaa, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aanze kuimba, na hapo hapo akanyooka, akatetemeka, meno yamebana. Seifu alikuwa mtu wa mizaha. Wenzake walidhani anaigiza. Wakacheka.

"Walicheka mpaka alipoanguka," Bi Sabaha alisema. "Ijumaa tukazika. Kwani Suud, fundi wenu, hakukwambia? Alikuwepo."

Suud alikuwa hajamwambia kitu.

* * *

Msomaji aliyechelewa kujiunga nasi na ajue hili: Melkiori, mume wa Theopista, alikuwa seremala. Suud alikuwa fundi wa redio. Miaka saba nyuma, mwaka wa sitini na tisa, waliona kwamba bendi kubwa zote ni za mashirika na jeshi, na vyombo vyao vinatoka ng'ambo kwa kibali. Vijana wa mitaani walikuwa wanapiga magaloni matupu yaliyofungwa nyuzi. Basi wakaunganisha mikono. Melkiori alikata mbao za mninga zilizobaki kwenye makabati. Suud alitoa sumaku kwenye spika mbovu. Theopista akasokota koili kwa mkono wake, nyaya nyembamba kama unywele, mizunguko maelfu, akihesabu kwa rozari ili asipotee.

Wengine walilicheka. Walisema Chiriku ni stuli iliyotiwa nyuzi. Lakini Dar es Salaam nzima ndilo lilikuwa gitaa pekee ambalo kabwela aliweza kulishika akasema hili langu.

Hawakuyapa namba. Theopista aliandika kikaratasi chenye jina la mtakatifu wa siku lilipokamilika, akakibandika ndani pasipoonekana. Suud, Mwislamu wa watu, alikuwa akimtania kwamba siku moja gitaa litakataa kupigwa nyimbo za mapenzi.

* * *

Suud mwenyewe akatokea chumba cha nyuma, kofia kichwani, miwani kwenye paji la uso. Alipomwona Bi Sabaha alisita mlangoni. Kisha akaja upesi, akampa mkono wa pole, akamwita shangazi, akasema mambo haya yana Mwenyewe.

Hapo hapo akaanza kueleza ambacho hajaulizwa. Kwamba amplifaya ya vijana wale ilikuwa mbovu. Kwamba iliunganishwa na mtu asiyejua kazi. Kwamba umeme hauna urafiki.

Bi Sabaha alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamgeukia Theopista.

"Watu wa mtaani wanasema mumeo alikuwa anabana vifaa. Kwamba mahali pa waya mbili anatia moja. Mimi sijui waya. Nataka ulifungue nikiwa nalitazama. Nataka nione kilichomchukua mwanangu."

Suud akasema leo Jumapili, tulifungue kesho kwa utulivu. Theopista alikuwa tayari ameshachukua bisibisi.

Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kifuniko kikatoka.

Kikaratasi kilikuwa pale pale. Mt. Yosefu.

Mtakatifu Yosefu ni tarehe kumi na tisa Machi. Siku hiyo Melkiori hakuwa dukani. Alikuwa wodini, amelala ubavu, hawezi kushika hata kijiko.

Na kando ya kikaratasi, ukitokea kwenye daraja la nyuzi kwenda ndani, ulipita waya mfupi mweusi.

* * *

Ngojeni niwaeleze waya huo, maana kila kitu kiko hapo.

Chiriku lilikuwa na ila moja: linavuma. Mpigaji akiondoa vidole kwenye nyuzi, spika inanguruma kama nzi kwenye chupa. Wateja walikuwa wanalalamika. Wengine waliyarudisha. Suud alijua dawa yake: waya mmoja tu, uzifunge nyuzi na amplifaya, mvumo unakufa.

Melkiori alikataa miaka yote saba. Alisema magitaa ya Ulaya yana waya huo kwa sababu amplifaya za Ulaya ni nzima. Hizi za kwetu zimefungwa na kufunguliwa mara kumi, nyingine zimeokotwa. Umeme ukivuja humo, utapanda kwa waya ule mpaka kwenye nyuzi, mpaka kwenye vidole. Na mpigaji akigusa maikrofoni kwa mdomo, umeme umepata njia ya kupita mwilini mwake.

"Acha livume," alikuwa akisema. "Mvumo haujaua mtu."

Kisha akaugua. Kwaresima ile magitaa yalirudishwa mawili kwa wiki moja, na Suud akamwambia Theopista kwamba jina la Chiriku linakufa pamoja na mwenyewe. Theopista hakutaka mumewe atoke hospitali akute duka limefungwa. Akakaa kwenye meza ya kazi, akalehemu waya ule kwa mkono wake. Magitaa matatu. Hakumwambia Melkiori. Kila alipokwenda wodini na uji, alikusudia kumwambia, akaona leo amechoka, nitamwambia kesho. Mpaka kesho zikaisha.

* * *

"Ni nini hicho?" Bi Sabaha aliuliza, kidole chake kikiuelekea waya.

Suud akawahi. "Kazi ya marehemu, shangazi. Mungu amrehemu. Kila fundi ana kosa lake."

Theopista aliinua uso. Suud hakumtazama.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Neno moja lingetosha. Theopista alifungua mdomo, na Bi Sabaha akaweka mkono wake juu ya mkono wa Theopista, pale juu ya gitaa, mkono mkavu na wenye joto kama wa mgonjwa.

"Nilikuja hapa nimlaani," akasema. "Nimetembea toka nyumbani nikiyapanga maneno. Sasa nakukuta na wewe umekaa msiba. Basi. Kama ni mumeo, nimemsamehe. Yeye yuko huko na mwanangu yuko huko, wataelewana wao."

Machozi yalimtoka Theopista, naye Bi Sabaha akadhani ni ya shukrani.

Petro alikana mara tatu, na alikana kwa maneno. Huyu alikana mara moja tu, bila kufungua kinywa, lakini aliyemtupia dhambi yake ni mume aliyeishi naye kwa miaka ishirini na minne.

Ndipo akakumbuka kitu kilichomfanya asahau hata aibu.

Yalikuwa matatu.

Akageuka ukutani. Gitaa la kijani lilikuwa limening'inia pale na kikadi cha kuuzia. Akalishusha, akalifungua, skrubu zikamwanguka. Mt. Patrisi. Waya upo.

Hayo mawili. La tatu lilikuwa la Mtakatifu Kasimiri, la kwanza kuwekewa waya, na huyo mnunuzi alimjua vizuri. Alikuwa Marcelino, kijana wa Mchikichini, ambaye kila Jumapili alasiri bendi yake inapiga bugi, dansi la vijana, kwenye ukumbi wa pale Mnazi Mmoja. Leo ni Jumapili. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Bugi huanza saa nane na nusu, na Marcelino ndiye mwimbaji.

"Suud, toa pikapu."

"Shemeji, saa nane imeshapita. Serikali imekataza gari za watu binafsi Jumapili baada ya saa hiyo; yetu ikionekana barabarani, tutaishia kituoni."

"Basi naenda kwa miguu."

Hapo Suud akawa mwema kupita kiasi. Alimwambia aketi apumzike, yeye ataenda. Alimwambia mwenye msiba hawezi kuingia dansini na nguo nyeusi, watu watamsema mpaka Kilema. Alimshika hata kiwiko. Alitaka aende yeye, tena aende peke yake.

Theopista aliona ni wema. Lakini miguu yake ilikuwa imeshatoka nje.

* * *

Kariakoo Jumapili alasiri, maduka mengi yamefungwa, barabara haina gari hata moja. Watu waliokuwa barazani walimwona mjane katika nguo nyeusi anakimbia katikati ya lami, kandambili mkononi, na mzee Suud nyuma yake anamwita shemeji, shemeji. Nyuma yao kabisa alifuata Bi Sabaha katika buibui, hakimbii, ila hapunguzi mwendo.

Hakuna aliyemwambia afuate. Alikuwa ameona uso wa Theopista alipolishusha lile gitaa la kijani, na mama aliyezika juzi haachi kitu kama hicho kimpite.

Theopista alisali njiani, na sala yenyewe ilikuwa imekatika vipande. Alisema Mama Maria, halafu asiseme kitu, halafu Mama Maria tena.

Kabla ya kuvuka uwanja wa Mnazi Mmoja alisikia besi. Kisha ngoma. Walikuwa wameanza.

Mlangoni alisimama kijana wa suruali pana na nywele za duara, tiketi mkononi.

"Mama, hapa ni bugi. Matanga siyo hapa."

"Namtaka Marcelino."

"Marcelino anatakiwa na wengi, mama, panga foleni," akasema, na wasichana wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka.

Theopista alimsukuma kifuani. Mama wa miaka arobaini na minane, hajawahi kumsukuma mtu tangu shule ya msingi. Kijana alirudi nyuma zaidi kwa mshangao kuliko kwa nguvu, naye akapita.

Ndani joto, jasho, mafuta ya nywele. Vijana walimwachia njia kwa kuwa nguo nyeusi huogopesha. Jukwaani walikuwa watano, na wa katikati alikuwa Marcelino, shati la njano, Chiriku la buluu shingoni. Alikuwa anapiga utangulizi. Vidole vyote viko kwenye nyuzi. Maikrofoni iko mbele yake, hatua moja.

Theopista aliita. Hakuisikia sauti yake hata mwenyewe.

Marcelino alitabasamu kwa watu. Akasogea. Akainamisha kichwa kuelekea maikrofoni.

Theopista hakupanda jukwaani, hakukuwa na muda. Aliuona waya mnene wa umeme ukitambaa sakafuni kutoka ukutani mpaka kwenye amplifaya. Akapiga magoti, akaushika kwa mikono miwili, akauvuta.

Muziki ukakatika. Ikabaki ngoma peke yake, mapigo mawili matatu, nayo ikanyamaza.

* * *

Kelele zilizofuata msiombe. Wengine walipiga miluzi, wengine walidai warudishiwe kiingilio, mmoja akasema huyo mama ni mkwe wa Marcelino amekuja kudai mahari. Marcelino aliruka chini kwa hasira, na alipomtambua aliyepiga magoti pale, hasira ikamwishia njiani.

"Mama? Kulikoni tena?"

"Livue," Theopista alisema. "Livue hilo gitaa, mwanangu. Lina waya."

"Waya gani?"

Alikuwa bado amepiga magoti. Kwa pembe ya jicho aliona buibui limesimama, karibu sana. Alijua ni nani. Sasa nafasi ilikuwa imemrudia, na safari hii watu mia mbili walikuwa wanasikiliza.

"Waya unaofunga nyuzi na umeme," akasema. "Melkiori alikataza. Alikataza miaka saba. Nimeutia mimi, alipokuwa hospitali. Kosa si lake. Seifu wa Msimbazi amekufa kwa mkono wangu."

Ukumbi ulinyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma, polepole, kwa jinsi neno lilivyokuwa linapokelewa na kupelekwa.

Bi Sabaha hakupiga kelele. Aliinama kidogo, kama mtu anayetaka kumnong'oneza mtoto.

"Msamaha ule nilimpa mumeo," akasema. "Wewe hukuwemo."

Akanyooka. Theopista aliinamisha kichwa akaupokea mzigo wake, kwa kuwa ulikuwa wake kweli. Na ajabu ni kwamba kifua chake kilikuwa chepesi kuliko pale dukani aliposamehewa.

Lakini Marcelino alikuwa bado anamtazama kwa mshangao.

"Mama, hili halina waya."

"Linao. Nimeutia mwenyewe."

"Ulikuwepo. Mzee aliukata."

Theopista alidhani hajasikia vizuri. Marcelino akaeleza, na nitawapa maneno yake kwa ufupi kwa sababu yeye alibabaika sana. Wiki ile ile aliyolinunua alikwenda hospitali kumwona Melkiori, akabeba gitaa lake jipya ili mgonjwa achangamke. Melkiori alilipokea, akalipapasa, akagusa daraja. Akaomba bisibisi. Muuguzi akamletea mkasi na kisu cha kukatia maandazi. Akalifungua juu ya tumbo lake, palepale kitandani, kazi ya dakika tano ikachukua saa nzima. Alipouona ule waya alicheka kidogo.

"Alisema, huu ni mkono wa mke wangu, hakuna anayelehemu safi hivi. Halafu akaukata. Akaniambia nisikwambie, mama. Alisema una mzigo wa kutosha, na wewe utamwambia mwenyewe ukiwa tayari."

Alikuwa anajua. Siku zote zile za uji na za kesho, Melkiori alikuwa anajua, na alikuwa anamngoja aseme. Theopista aliona kitanda kile, uso ule uliokonda ukimtazama kwa upole kila anapofungua mdomo na kuufunga tena. Alikuwa akidhani ni upole wa mtu anayekwenda kufa. Kumbe alikuwa anamngoja.

Alilia hapo sakafuni bila kujificha. Tangu mazishi alikuwa hajalia hivyo.

Ni Bi Sabaha aliyeuliza. Huzuni haikuwa imemfunga masikio.

"Baba huyo alijua kwamba yako mengine?"

"Alihisi," Marcelino akasema. "Ndiyo maana alinituma. Niende moja kwa moja dukani, nikamwambie Mzee Suud magitaa yote yaliyotengenezwa Kwaresima yafunguliwe, waya ukatwe, lisitoke hata moja."

"Ukamwambia?"

"Siku ile ile. Akasema sawa."

Vichwa viligeuka mlangoni. Suud alikuwa amefika, amesimama kati ya yule kijana wa tiketi na wale wasichana wawili, anahema. Hakuna aliyemshika. Hakukimbia.

Theopista alihesabu kimoyomoyo, si kwa rozari safari hii. Marcelino alipeleka ujumbe. Melkiori akafa. Yeye akaenda Kilema kuzika, duka akamwachia Suud. Seifu alinunua lini? Alipoondoka, lile la Mt. Yosefu lilikuwa bado ukutani; Seifu alinunua yeye akiwa Kilema.

Bi Sabaha alimwendea Suud mpaka wakawa uso kwa uso.

"Ijumaa ulishika jeneza la mwanangu," akasema. "Bega la mbele. Nilikuona. Ulikuwa unajua?"

Suud alivua kofia. Kipara chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Nilijua, shangazi. Lakini Seifu naye alijua. Nilimweleza waya ule ni nini, nikataka kuukata mbele yake. Akanizuia. Alisema hataki gitaa linalovuma, atakuwa mwangalifu."

Bi Sabaha hakupepesa macho. Alimtazama Suud kinywani, kisha machoni, kisha kinywani tena, kama anayetafuta mahali pa kuushikia uongo, au pa kuushikia ukweli, na hapaoni. Katika ukumbi mzima hapakuwa na mtu wa kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, wala wa kukanusha. Wa pekee aliyeweza alikuwa Seifu, naye alikuwa siku ya tatu ardhini.